Mpishi wa Chekechea na Mstari Mmoja Usiojazwa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, maji ya viazi yanaanza kuchemka. Mpishi wa chekechea ameshika mwiko kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto anapapasa mfuko wa aproni. Ndani ya mfuko kuna fomu iliyokunjwa mara nne. Anaitoa, anaisoma, anairudisha. Ni mara ya tatu tangu awashe jiko.

Fomu hiyo si ya shule hii. Ni ya chekechea nyingine iliyo karibu na nyumbani kwake, ambako binti yake wa miaka minne anaanza Jumatatu. Jina limejazwa, chanjo zimejazwa, namba ya simu nayo ipo. Mstari mmoja tu uko wazi: "Chakula anachokipenda mtoto akiwa nyumbani."

"Ungedhani huo ndio ningeujaza wa kwanza," anasema bila kugeuka. "Hata mimi nilidhani hivyo."

Leo ni Alhamisi.

Ana miaka thelathini na tisa, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameimaliza katika jiko hili. Chumba ni hatua sita kwa nne. Jiko lina matundu matatu na moja halijawaka tangu mwaka juzi. Watoto ni arobaini na sita na wote humwita Shangazi, nao wazazi wakaiga, hata mwalimu mkuu akijisahau humwita hivyo hivyo.

Nyumbani hutoka saa kumi na nusu alfajiri, binti akiwa amelala. Hurudi saa moja jioni, binti akiwa amekwisha kula na kuogeshwa na bibi yake, yaani mama mzazi wa mpishi. Jumamosi hupikia mafundi wa karakana moja, kwa sababu mshahara wa chekechea, kwa maneno yake, "hufika mwisho wa mwezi unachechemea." Inabaki Jumapili.

Nje ya mlango wa nyuma wa jiko kuna benchi la mbao lililoegemezwa ukutani. Kwenye ratiba ya shule benchi hilo halipo, lakini hakuna mzazi asiyelijua.

Lilianza miaka sita iliyopita, siku ya kwanza ya muhula, mama mmoja alipogoma kutoka getini. Mtoto alikwishanyamaza na kwenda kucheza, mama ndiye aliyekuwa akilia kwa kwikwi. Mpishi akatumwa kumtuliza. Akamleta nyuma ya jiko, akampa kisu na beseni la viazi.

"Sikuwa na maneno ya kumwambia," anaeleza. "Nilitaka tu mikono yake ipate kazi. Mtu anayemenya viazi hawezi kuchungulia dirishani."

Tangu hapo sheria ni moja. Ukikaa, unamenya. Mwandishi wa makala haya alimenya viazi vinne, viwili vikarudishwa.

Mwalimu mkuu, mwanamke asiyependa maneno mengi, alipoulizwa kuhusu benchi alijibu: "Sijaliruhusu. Sijalikataza pia. Viazi vinawahi kumenywa."

Asubuhi hii wamekaa wawili. Mmoja ni fundi cherehani ambaye mwanawe yuko siku ya nne tu ya shule. Mwingine ni fundi mwashi, baba wa mtoto aliyeanza muhula uliopita. Huyo hana tena sababu ya kukaa hapa, ila tangu muhula huu uanze hupitia dakika ishirini kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, eti kuwapa moyo wageni. Humenya vibaya sana. Maganda yake yana unene wa kidole.

"Jana kanipa kisogo," fundi cherehani analalamika. "Hata kwaheri hakuna! Mimi niliyemzaa! Kaona gari la mbao, basi, mama hana maana tena."

"Shukuru," mwashi anamjibu. "Wangu aling'ang'ania mguu wangu, nikatembea naye mpaka getini kama mtu aliyevaa buti moja."

Wanacheka. Mpishi anawaletea mabakuli mawili ya viazi vya kuponda, vya moto, siagi ikiyeyuka juu. Fundi cherehani anasema hana hamu, roho yake iko juu juu. Dakika tano baadaye bakuli lake limekwisha na anauliza kama kuna vilivyobaki.

Mpishi hushughulika zaidi na fomu za watoto wapya. Muhula huu wameingia kumi na saba, na wazazi kumi na wanne wameandika maneno yale yale: anakula kila kitu.

"Hakuna mtoto anayekula kila kitu," anasema. "Mzazi akiandika hivyo, mimi najua hajaangalia. Nakunja fomu naiweka pembeni. Mtoto mwenyewe ataniambia."

Mtoto wa mwashi hakumwambia.

Mwashi anamlea mwanawe peke yake. Mama wa mtoto alifariki mtoto akiwa na miezi minane. Muhula uliopita baba alimleta akiwa na miaka mitatu na nusu, na kwenye fomu akaandika anakula kila kitu, hasa uji. Siku ya kwanza mtoto aliletewa uji akafunga mdomo. Akaletewa viazi, mkate, ndizi. Mdomo haukufunguka. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu, na ya nne. Alikunywa maji tu mpaka baba yake alipomchukua jioni.

Mwalimu mkuu alimwita baba na kumweleza wazi: mtoto asipokula kufikia Ijumaa, arudi nyumbani mpaka mwaka ujao. Hawezi kukaa na mtoto anayeshinda njaa.

"Nilikuna kichwa," mwashi anakumbuka. "Kazini kwetu ukifika na mtoto unarudishwa getini. Kumwacha, simwachi na mtu, sina mtu. Nikajisemea, basi, hapa ndipo tulipofika."

Mpishi naye alikuwa na lake. "Nisiseme uongo, niliumia kwa ajili yangu mwenyewe. Miaka yote hiyo hakuna bakuli lililorudi limejaa. Hili lilirudi mara nne. Nikaona katoto kananitukana."

Alhamisi ile akamwambia baba: "Kesho njoo saa moja kasoro. Utapika wewe, mimi nitakaa kwenye benchi."

Mwashi alikuja shingo upande. Akabandika uji wa maziwa, akaukoroga kwa nguvu kana kwamba anachanganya saruji, kisha akaacha sufuria motoni na kutoka nje kumfunga mtoto kamba za viatu. Ndivyo wanavyofanya kila asubuhi: uji uko jikoni, baba anatafuta shati, anatafuta soksi ya pili, anafunga viatu.

Kwenye benchi, mpishi akasikia harufu.

"Uji umeshika chini! Nikanyanyuka kwenda kuuepua, mguu mmoja tayari uko ndani. Kisha nikajizuia. Nilimwambia apike yeye. Nikarudi kukaa, lakini usiulize nilivyojisikia."

Mwashi aliporudi, uji ulikuwa na rangi ya kahawia na vipande vyeusi vinaelea. "Nilitamani ardhi ipasuke," anasema. "Nikaanza kuomba radhi. Nikatafuta pa kuumwaga."

Kabla hajaumwaga, mtoto aliingia kwa kuifuata ile harufu, akavuta kigoda, akakaa. "Uji wa baba," akasema. Alikunywa mabakuli mawili.

Kwa wiki tano zilizofuata, kila asubuhi, mpishi aliunguza kisufuria kidogo cha uji wa mtu mmoja. Walimu walimtania wakipita dirishani: "Shangazi, leo tunaunguza au hatuunguzi?" Yeye anasema kuunguza kwa makusudi ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Siku za kwanza aliunguza kupita kiasi, na mtoto akaonja na kumwangalia kama mtu aliyedanganywa. Baadaye akaupunguza moto kidogo kidogo, mpaka mtoto akajikuta anakunywa uji wa wenzake. Siku za mvua bado huuliza kama kuna ule mwingine.

Fundi cherehani hajawahi kuisikia habari hii. Analifuta bakuli lake kwa kidole, anacheka mpaka anashika mbavu, kisha anauliza, hana nia yoyote mbaya:

"Na wa kwako je, Shangazi? Anakula nini?"

"Anakula kila kitu," mpishi anajibu.

Kisu cha mwashi kinasimama kwenye kiazi. Mpishi mwenyewe anasikia alichokisema, anaketi mwisho wa benchi, mahali ambapo hakai kamwe saa za kazi, na anaitoa ile fomu.

"Jumapili ndiyo nampikia," anasema. "Anakula vijiko vitatu, anasema ameshiba. Mwaka mzima najiambia ana tumbo dogo. Kisha nikamwona mtoto wa huyu na uji wake, na tangu siku hiyo nikimwona binti yangu anaweka kijiko chini nashtuka. Hajashiba. Anasubiri bibi yake amke."

Anasimama kumwangalia kuku aliyeingia uwanjani, kisha anaendelea. "Humu ndani namjua asiyetaka karoti, na yule anayezila zikikatwa mviringo. Najua anayelia maziwa yakiwa na utando. Wangu simjui. Na Jumatatu atakaa kwenye meza ya mpishi mwingine, atafunga mdomo, nao watanipigia simu waniulize, nami nitawaambia nini? Naogopa, jamani. Naona na aibu."

Fundi cherehani anamshika bega. Mwashi ndiye anayesema, macho yake kwenye kiazi.

"Uliniambia nije nipike, wewe ukae. Basi na wewe nenda ukamwambie mama apike. Ukae."

"Nikae tu?"

"Umenye."

Jumapili, saa nne asubuhi, nyumbani kwa mpishi kuna vyumba viwili, pazia la maua, na mwanamke wa miaka sitini na mitano anayemwangalia binti yake kwa mashaka. Kila Jumapili mpishi humwondoa mama yake jikoni ili apumzike. Leo amekaa kwenye kigoda na kisu mkononi, anamwomba apike kama anavyopika siku zote.

"Unaumwa?" bibi anauliza.

"Siumwi, mama. Nataka kuona."

"Miaka yote hiyo unapika, leo unataka kuona viazi?"

Viazi vinachemshwa kwa moto mdogo, vinaepuliwa, vinafunikwa kwa sahani. Kisha bibi anaenda kufua. Nusu saa inapita, saa nzima inapita. Mara mbili mpishi anaigusa sufuria kwa kiganja. Kwake yeye chakula kilichopoa ni kosa, amewahi kugombana na walimu kwa sababu hiyo.

"Vinapoa, mama."

"Ndiyo. Viache."

Maelezo ya bibi ni mafupi. Mtoto alipoota meno alikataa cha moto, fizi zilimuuma. Gesi nayo ilikuwa ya kubana, hivyo kilichopikwa asubuhi kililiwa mchana bila kupashwa. Ndivyo walivyozoeana, yeye na mjukuu wake. Wala hakuna aliyemuuliza.

Viazi vikiwa baridi kabisa, bibi ananawa, anaviponda kwa mkono, anatia maziwa baridi na sukari kwa ncha za vidole. Anakaa kizingitini. Mtoto anakuja bila kuitwa, anajibana kati ya magoti yake na kufungua mdomo. Anakula matonge kumi na moja. Mpishi anayahesabu kwa sauti ya chini, kisha anaacha kuhesabu na kufuta uso kwa ukingo wa kanga.

"Sogea," bibi anamwambia. "Jaribu wewe."

Ananawa mikono, anakaa kizingitini. Mkono ambao umeshika mwiko miaka kumi na mmoja unafinyanga tonge kubwa mno. Analipunguza. Mtoto anautazama mkono, anamtazama mama yake, anaonja, anatafuna polepole.

"Bado," anasema.

Kisha anafungua mdomo tena.

Mstari wa fomu unajazwa alasiri hiyo, kwa herufi ndogo maana nafasi haitoshi: viazi vilivyopoa, vipondwe kwa mkono, maziwa baridi, sukari kidogo, asiharakishwe.

Kesho mpishi hatakwenda kazini. Ameomba ruhusa ya siku moja, na mwalimu mkuu akamwuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Uji wa asubuhi utapikwa na fundi mwashi, akisaidiwa na fundi cherehani. Wazazi wameonywa.

Yeye atampeleka binti yake kwa miguu, kisha atazunguka nyuma ya shule ile kuutafuta mlango wa jiko. Hajui kama wana benchi. Hamjui mpishi wao, wala hajui kama ni mtu wa kusikiliza.

"Nitamwambia simwingilii kazi yake," anasema, huku akikifunga kisu cha kumenyea kwenye kitambaa na kukitia mfukoni pamoja na fomu. "Nitaomba tu beseni."