Sports car ya kisasa au V8 ya mjomba: jinsi nilivyorudisha ufunguo Columbus

Wakuu, hamjambo. Nawapa hii kama ilivyotokea, hata pale inaponiaibisha.

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa moja: unamwambiaje mjomba kwamba zawadi aliyokupa huiwezi?

Nilimaliza engineering Louisville mwaka 2014, nikapata kazi Buffalo. Nilihitaji gari.

Bahati, Mkongo niliyefanya naye kazi warehouse kule Jeffersontown, kando ya Louisville, alikuwa anauza sports car yake ya Kijapani, karibu mpya. Mtoto wa tatu alikuwa amezaliwa na viti vya nyuma vinatosha koti tu. Brand naiacha, najua mtanila mbichi.

Niliijaribu Jumapili, industrial park ikiwa tupu. Unaingia kama unayeketi sakafuni. Ukikosea kona, kompyuta inarekebisha kabla hujashtuka. Breki unaigusa tu.

Kisha mjomba akapiga simu kutoka Columbus. Ana muscle car ya 1969, gari la Kimarekani la nguvu, V8, aliyoifufua kwa mikono yake miaka kumi na moja. Sasa macho yamepungua, daktari amemkataza kuendesha.

"Njoo uichukue. Gari si kabati."

Nikafungua spreadsheet. Safu thelathini na mbili, wakuu. Horsepower, spea, hadi harufu. Haikunisaidia.

Columbus nilikuta amewaita watu wa fellowship ya kanisa lake. Waliizunguka wakaiombea, mmoja wao, Mama Wambui, akaipaka bonnet mafuta ya upako. Mjomba akaniwekea ufunguo mkononi mbele ya wote.

Ungekuwa wewe ungesema nini? Nilisema asante.

Tofauti niliijua barabarani. Steering inataka mabega. Breki unaikanyaga mapema, halafu unatumaini. Ya Bahati ina mbio zaidi, lakini ndani ya hii, maili sitini tu unahisi unafanya jambo kubwa. Baada ya masaa matano nilifika Buffalo, nikajikuta nacheka peke yangu.

Nilikuwa nimepanga chumba Kenmore, pembeni ya Buffalo. Jirani, mzee wa Kizungu, alitoka na ndara, akachuchumaa kuangalia chini ya gari.

"Unailaza wapi hii?"

"Hapa nje."

"Theluji ikianza watamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, nayo inaleta kutu. Utaiua kidogo kidogo, kijana."

Nikampigia Bahati. Alicheka kwanza.

"Bon, ndugu. Hii motokari yangu inakuchunga weye. Ile ya mjomba, ni weye utaichunga kama mutoto. Uko na nyumba yake?"

Sikuwa nayo. Nilitafuta garage ya kupanga mtaani, hakuna. Nikawaza wiki mbili nzima. Nikiirudisha, mjomba ataona nimedharau miaka yake kumi na moja, tena kanisa zima linajua. Nikibaki nayo, kutu.

Utabiri ukasema theluji Jumanne. Jumamosi nikawasha injini, nikarudi Columbus.

Mjomba aliusikia mlio kabla sijakata kona. Nilimkuta mlangoni.

"Imeharibika?"

"Hapana, mjomba. Sina pa kuiweka. Kule wanamwaga chumvi, itaoza mikononi mwangu."

Akapitisha kidole chini ya mlango wa gari, pale kutu huanzia. Palikuwa safi.

"Na mafuta yote yale ya Mama Wambui?"

"Hayazuii chumvi, mjomba."

Akacheka bila kutaka. Kisha akavuta turubai.

"Shika upande ule. Mei uje. Utaendesha, mimi nitasikiliza injini."

Tuliifunika pamoja. Nikamrudishia ufunguo, nikapanda basi hadi Louisville kumlipa Bahati. Jumapili jioni nilikuwa Buffalo na ya Bahati, tairi za theluji zikiwa kwenye viti vya nyuma. Kumbe zinatosha.

Nilichojifunza: ya kisasa inasamehe makosa, ya zamani inataka mtu mwenye garage na muda. Mimi sina hata kimoja. Na asante niliyoisema kwa woga ilinichosha kuliko steering ile.

Wenye V8 kwenye miji ya chumvi, mnazilaza wapi? Na wewe ungemwambia mjomba siku ileile, mbele ya fellowship? Semeni ukweli, sitamwonyesha.