Daftari la Japani Juu ya Kaunta

Jumamosi, kwenye foleni ya duka la fremu za picha katika mtaa wa Harborne, ughaibuni, mbele yangu alisimama nesi Mkenya tuliyekuwa tumesalimiana mlangoni. Aliweka juu ya kaunta daftari la michoro aliyoichora alipoishi Japani: mapaa yenye theluji, bibi akingoja treni, na kurasa za majaribio ya wino uliochanganywa na chai.

Mwenye duka alizifunua polepole. "Nani amechora?"

"Mimi."

Mwenye duka akaitazama sare ya kazi ya nesi. "Namuulizia aliyechora hasa."

Nesi akanigeukia. "Dada, hebu nishikie mkoba." Akatoa brashi na kichupa cha wino, akafungua ukurasa mtupu, akavuta pumzi. Kwa mistari saba tu, mwenye duka akajiona karatasini, miwani puani, mdomo wazi.

Tukapiga makofi. Mwenye duka akaiva uso kwa aibu, akaomba radhi, kisha akaomba michoro mitano aitundike dirishani.

"Kumi," nesi akasema, "na jina langu chini."

"Kumi," akakubali.

Nimeandika barua nyingi za malalamiko maishani mwangu. Sijawahi kuandika iliyo fupi na tamu kama ile ya nesi, ya mistari saba tu.