Kifua cha Natasha

Herbert Odero alikuwa koplo wa magereza mjini Jinja, na ndiye aliyepigisha paredi ya asubuhi. Alikuwa mtu wa sauti. Huko Mpumudde, alikopanga vyumba viwili kwa kuwa nyumba za kambini zilikuwa zimejaa, majirani walimtania kwamba akimwita mtoto kula uji, mtaa mzima unasimama wima.

Kwao ni Tororo. Mkewe, Ketty, ni Mgisu wa Mbale, mwalimu wa shule ya msingi. Kila mmoja alikuja na lugha ya kwao, kwa hiyo wakakutana kwenye Kiswahili, ambacho Odero alikiokota chuo cha askari. Ketty mwanzoni hakukipenda. Alisema kila neno linamfanya aone buti. Baadaye alikizoea, na binti yao Natasha alipozaliwa, hicho ndicho kilikuwa cha nyumbani.

Mwaka ambao Natasha aliachishwa ziwa, Ketty alianza masomo ya kujiendeleza, yale wanayosoma walimu wakati wa likizo. Alipanga chumba Nkoma, karibu na chuo chake Mbale. Walikubaliana mtoto abaki na baba. Dada zake Ketty walicheka sana, na Odero hakuona cha kuchekesha. Alijifunza kupika uji usio na madonge, akafua nepi, akajua kilio cha njaa na kilio cha usingizi. Akienda kazini alimwacha mtoto nyumba ya pili, kwa mama mmoja wa Kinubi aitwaye Ramlah, aliyekaanga mandazi uani. Mtaa mzima ulimwita Mama Yakub. Odero hakuwahi kumwona huyo Yakub; alidhani ni mtu mzima, yuko mbali kikazi.

Mvua zilipoanza, Odero aliingiza ndani sigiri, lile jiko la mkaa, na kufunga mlango ili mtoto asipigwe na baridi. Moshi ulimwasha macho, lakini chumba kilikuwa na joto naye aliridhika. Natasha akaanza kukohoa. Odero alinunua dawa ya maji dukani, kikohozi kikapoa, kisha kikarudi. Hakushtuka, kwa kuwa watoto wote wa jirani walikuwa na mafua. Kilichomuuma ni kwamba mtoto alianza kugeuza uso kila akiletewa kijiko.

Asubuhi moja alimpeleka kwa jirani kama kawaida, tayari amevaa sare. Mama Yakub alimpokea, akakaa naye mkekani, akamfungua shuka na kumpandisha fulana.

"Afande, kuja uone."

Odero aliinama. Kila Natasha alipovuta pumzi, nyama ya chini ya mbavu ilididimia ndani, na matundu ya pua yalitanuka. Hakulia wala hakumtazama baba yake. Odero alisema ni homa tu, atapita dukani mchana kutafuta dawa yenye nguvu zaidi.

"Hii si ya kungoja mchana," Mama Yakub alisema. "Niliiona kwa Yakub."

Odero alimwuliza kama Yakub alipona. Mama Yakub alikuwa ameshaanza kumfunga mtoto shuka. Alizima moto, akafunika mafuta ya kukaangia, na wote wakapanda bodaboda moja, mtoto katikati.

Hospitalini walipokewa na nesi aitwaye Gorreti, mwanamke mfupi asiyepoteza maneno. Alimbana Natasha kidoleni kwa kidude chenye taa nyekundu, akasoma namba, kisha akambeba mwenyewe kuelekea wodini, Odero akimfuata nyuma. Ilikuwa nimonia. Alichomwa sindano, akapachikwa mirija miwili myembamba puani ya kumletea oksijeni.

Natasha aliichukia ile mirija. Kila ikipachikwa aliing'oa, akilia kilio kisicho na nguvu, na midomo yake ikabadilika rangi. Odero aliingiwa na hofu, na alipoogopa alijua kufanya jambo moja tu. Alitoa amri mtoto atulie. Wodi nzima iliruka, na watoto wa vitanda vya jirani wakaanza kulia.

"Afande, huku hakuna paredi," Gorreti alisema, bila hasira. Alimweleza kwamba mtoto akilia anaipoteza pumzi ileile anayoitafuta. Ampakate wima kifuani, azungumze naye taratibu.

Odero alikaa kitandani na kumpakata. Alikuwa mwanamume pekee katika wodi ile, na akina mama wote walikuwa wakimtazama. Alitafuta kichwani wimbo wa kubembeleza, hata zile nyimbo za mama yake kwa Kidhopadhola, lakini zilikuwa zimemkimbia. Basi akasema alichokijua. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Alisema kwa kunong'ona, akimpigapiga mgongoni kwa kila neno. Vidole vya Natasha viliiachia mirija, kimoja kimoja, na kichwa chake kikaegemea bega la baba.

Odero alinyamaza, akidhani kazi imekwisha. Kitanda cha pili alikuwapo msichana wa Kisoga, Nabirye, mwenye mtoto wa kiume aliyewekewa oksijeni pia.

"Endelea, baba," alimwambia polepole. "Na huyu wangu anakusikiliza."

Akaendelea mpaka koo likamkauka.

Mama Yakub alirudi na uji kwenye chupa ya chai. Alimkuta Odero barazani, simu mkononi, hajampigia mkewe. Alieleza kuwa Ketty yuko kwenye mitihani. Atamwambia mtoto akipata nafuu. Mama Yakub aliweka chupa chini.

"Yakub alipougua, mimi nilikuwa Bombo, kwenye mazishi," alisema. "Walinificha habari, eti nisihangaike. Nilipofika bado alikuwa anapumua, lakini hakunijua tena. Mpigie mama yake, mwanangu."

Ndipo Odero alipoelewa kwamba Yakub hakuwahi kuwa mkubwa kumzidi Natasha. Alimshika mkono kidogo, kisha akabonyeza namba ya Ketty. Alimweleza yote, hata sigiri na mlango aliofunga, na Ketty akauliza kama mtoto anakula. Odero akajibu bado.

"Nakuja," alisema Ketty.

Aliingia wodini alasiri, sketi imelowa mvua, kalamu ya mtihani bado imechomekwa kwenye nywele. Natasha alimtambua. Alimnyooshea mkono mama yake, akahamia mapajani kwake, lakini mkono wa pili ulikuwa umekamata kifungo cha shati la baba na haukukubali kukiachia. Ikabidi wakae wote wawili wamebanana kwenye kile kitanda chembamba, na hakuna aliyethubutu kujigeuza. Baadaye Ketty alikiri kwamba njia nzima kutoka Mbale alikuwa akipanga maneno makali, ya sigiri na ya mlango uliofungwa, na alipoona vile vidole kwenye kifungo, maneno yakamwishia.

Nafuu ilikuja kidogo kidogo. Kwanza midomo ilirudi rangi yake, kisha mtoto akalilia uji, mirija ikatolewa, na sindano zikaacha nafasi kwa vidonge vya kuyeyusha kijikoni. Mtoto wa Nabirye alitangulia kwenda nyumbani. Kabla ya kuwaruhusu, Gorreti aliwasisitizia kwamba sigiri isiingie tena chumba cha mtoto, mvua inyeshe isinyeshe, na kwamba mtoto akikohoa wamfunue kifua wamtazame anavyopumua, wasisikilize kikohozi peke yake.

Odero alisimika nguzo uani na kuezeka mabati machache, pakawa mahali pa kupikia. Alipaacha papana kuliko walivyohitaji, na Mama Yakub akahamishia hapo karai lake la mandazi.

Mtihani alioukosa, Ketty aliruhusiwa kuufanya baadaye. Alitaka kuacha masomo kabisa. Odero alikataa. Aliomba likizo yake ya mwaka, wakafunga mizigo, na wote watatu wakaenda Nkoma.

Kule hakuna aliyemjua koplo. Wanafunzi waliokuwa wakipita waligeuka kumtazama mwanamume mrefu anayeanika nepi, mtoto amefungwa mgongoni kwa kanga ya mkewe. Aliwaacha watazame. Siku ya mtihani wa mwisho alitoka kwenda kumpokea Ketty, akasimamisha bodaboda. Kijana mwenye pikipiki alimtazama, akamtazama na mtoto, akauliza mama yake yuko wapi.

"Yuko kwenye mtihani," Odero alisema, akipanda kwa uangalifu. "Tunakwenda kumchukua. Pita barabara isiyo na mashimo, huyu ndiyo kwanza amelala."