Mama Futi na Mita Thelathini

Afisa mipango ya ardhi wa halmashauri yetu tunamwita Mama Futi, kwa sababu futi kamba haimtoki mkononi. Ana vidole vifupi, vigumu, na kabla ya kugonga mhuri huipapasa ramani kama mtu anayetafuta mwiba mguuni. Sauti yake ni ya chini. Ukitaka kumsikia, lazima wewe unyamaze. Kampuni moja ilipoomba kutandaza paneli za sola kwenye ekari mia mbili, karatasi zao zilikuwa safi, na mkubwa wetu akamhimiza, "Gonga mhuri, dada, watu wanasubiri umeme." Akajibu, "Hata mimi nausubiri, kaka," akachukua kofia yake, nami nikamfuata.

Kanuni inataka paneli zikae mita thelathini kutoka nyumba ya mtu. Mpakani tukakuta kibanda cha bati ambacho hakikuwa kwenye ramani, na bibi mmoja mlangoni akichambua mboga. Mhandisi wa kampuni akacheka. "Hii nayo ni nyumba?" Mama Futi akachuchumaa, akamwamkia bibi, akauliza, "Unalala hapa?"

"Mwaka wa tisa huu, mwanangu."

Mama Futi akampa mhandisi ncha ya futi aishike ukutani, akapima hadi kigingi cha kwanza cha paneli. Mita kumi na moja. Hakugomba. Aling'oa kigingi kwa mikono miwili, akasogea nacho hadi thelathini ilipotimia, akakipigilia kwa jiwe. Kibali kilitoka wiki ile ile. Pembeni mwa ramani mpya, kwa kalamu yake mwenyewe, alikuwa amechora kijumba kidogo chenye mlango.