Honorata na Nyoka Mdogo wa Shengena

Honorata wa Chome alikuwa mjane hodari wa kazi, akilima tangawizi peke yake kwenye mteremko chini ya msitu wa Shengena. Siku moja mvua kubwa ilimkuta shambani, akajibanza kwenye pango dogo chini ya jabali. Mara ukingo wa mteremko ukaporomoka. Gogo lilishuka na tope, likamwangusha chali na kumbana mguu, na mlango wa pango ukazibika, pakabaki upenyo wa kupitisha mkono tu.

Alipiga kelele hadi koo likakauka. Aliyemsikia ni shemeji yake Sadock, aliyewahi kuwa mlinzi wa msitu ule. Alikuja mbio na jembe.

"Shemeji, tulia, nakutoa!"

Pigo la kwanza lilitikisa pango, na kitu kikafoka karibu na kiwiko cha Honorata.

"Acha!" alinong'ona. "Kuna nyoka humu."

Jembe likatulia. "Yukoje?"

"Mdogo. Hafiki urefu wa mkono wangu."

"Udogo si hoja. Mtazame kichwa."

Hakutaka kumtazama, lakini hakuwa na pengine pa kuelekeza macho. Kichwa kilikuwa cha pembe tatu, kipana kuliko shingo. Mboni zilisimama wima kama za paka juani. Magamba hayakung'aa, yalikuwa makavu, kila moja na mstari uliotuna katikati. Mgongo wa kahawia ulikuwa na mabaka meusi yenye ncha, na mkia ulikuwa mfupi mno. Alimweleza Sadock yote hayo, polepole.

"Huyo ni wa ukoo wa kifutu," Sadock alisema.

"Mtoto wa kifutu?"

"Hapana. Mtoto wa kifutu angekuwa mnene, na kifutu mwenyewe ni wa kule chini tambarare. Huyu ni wa huku kwenye baridi, na amekwisha kukua hivyo hivyo alivyo. Ana sumu, shemeji. Hatakufuata, lakini ukimgusa atakugonga."

Sadock aliweka jembe kando, akaanza kuchimbua tope kwa mikono. Jirani yao Justa alikuja kumsaidia. Ndani, baridi ilizidi, na nyoka naye akaisikia. Alitambaa taratibu, akapanda juu ya tumbo la Honorata, akajikunja penye joto.

Honorata alijikaza asitikisike. Mguu uliwaka moto, machozi yakamtiririkia masikioni, na hakuthubutu kuyafuta. Kila alipopumua, nyoka aliinuka na kushuka pamoja naye.

"Shemeji, bado upo?" Sadock aliuliza.

Alihofia sauti yake ingemshtua nyoka.

Upenyo ulipopanuka, mwanga ukaingia. Nyoka alijikunjua, akapita juu ya kiganja cha Honorata kilicho wazi, akatoka. Justa aliruka kando akipiga yowe. Kiumbe kile kikapotelea majanini. Ndipo Honorata alipolia kwa sauti, na gogo lilipoinuliwa hakuna aliyejua kama analilia mguu au nyoka.

Hospitalini Gonja waliukuta mfupa umevunjika. Sadock na Justa walimvunia tangawizi ya msimu ule. Yeye mwenyewe, alipoanza kutembea kwa gongo, alifika ukingoni mwa shamba, akalitazama lile jabali, akageuka kurudi nyumbani bila kuingia.