Kiunzi Kwenye Masale

Baba mkwe wangu, Eliufoo, ni fundi seremala hapa Mwika. Ametengeneza mabenchi ya kanisa, milango na mizinga ya nyuki, na watu wote wanamlalamikia kwa kuchelewa. Anachelewa kwa sababu moja. Hakabidhi kitu mpaka kilale nje siku tatu, kipigwe mvua na jua. "Mbao ikiwa ndani inajifanya mpole," husema. "Itoe nje uone tabia yake." Majeneza tu ndiyo hayalali nje, maana wenyewe hawasubiri.

Mwezi wa nne alikuja Calvin, kijana anayepeleka wageni mlimani. Wenzake walikuwa wanaandaa mashindano ya baiskeli kwenye uwanja wa majani na matope kule Moshi, na alitaka viunzi sita vya mbao, urefu wa mita nne, kimo kisipite goti. Mwendesha baiskeli akikifikia kiunzi anashuka, anabeba baiskeli begani, anaruka, halafu anapanda tena.

Baba alimtazama. "Baiskeli wanazo?"

"Wanazo, mzee."

"Na wanazibeba?"

"Pale kwenye viunzi tu."

Calvin alipoondoka Baba akaniambia, "Hii kazi ina kitu ndani yake." Lakini aliichukua.

Cha kwanza alikitengeneza kwa ubao wa grevilea na miguu ya mkaratusi iliyotanuka pande zote mbili. Ukingo wa juu aliusugua msasa mpaka nikapitisha kiganja cha Aikaeli, mwanangu wa miezi saba, bila wasiwasi. Kila mguu aliuwekea kigingi cha kuchomeka ardhini, ili mtu akikigonga kisilale.

Shida ilikuwa mahali pa kukiweka. Kihamba chetu, yaani shamba la migomba na kahawa, kinateremka. Sehemu tambarare ni moja tu, kando ya masale, ile mimea ya mpakani inayotutenga na kihamba cha mdogo wake, Aminieli. Baba alikisimamisha hapo, sambamba na masale, akagonga vigingi.

Niseme ukweli, hata mimi nilijiuliza kama kweli ni utambarare tu. Miaka sita iliyopita mvua ilibomoa ukingo, masale mawili yakang'oka, na Aminieli hajawahi kuamini kwamba ilikuwa mvua. Tangu hapo wanasalimiana barabarani, ila hakuna anayekanyaga kwa mwenzake.

Asubuhi tulimkuta Aminieli amesimama upande wake, na panga la kukatia majani ya ng'ombe mkononi.

"Kaka, huu uzio ni wa nini?"

"Si uzio. Ni kiunzi cha baiskeli, cha kwanza kati ya sita."

"Baiskeli iko wapi?"

"Watakuja nazo kule Moshi, wazibebe wakikiruka."

"Watakuja nazo, halafu wazibebe." Alicheka peke yake. "Umeanza na mita nne. Ukifikisha viunzi sita utakuwa umefika mtoni. Kesho naita ukoo."

Ukoo ukiitwa kwa ajili ya mpaka, ndugu huwa hawaendeani tena hata misibani.

Mke wa mtoto haingilii wazee wakigombana. Kwa hiyo nilimsemesha Aikaeli aliyekuwa mgongoni kwangu, kwa sauti ya kuwafikia wao.

"Mwanangu, uzio unafuata masale. Kitu kikikatiza masale, nusu huku nusu kule, kitamnyang'anya nani shamba?"

Aminieli alinitazama kama mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji.

"Kilete hapa kwenye pengo la yale masale mawili," akasema mwishowe. "Vigingi vya upande wangu nagonga mwenyewe."

Siku mbili nzima alikuja asubuhi na jioni kukagua vigingi vyake, utadhani vinatembea. Baba naye alichungulia dirishani, asije mdogo wake akakata kitu. Mimi nikawachungulia wote wawili.

Siku ya tatu, kulipopambazuka, Aminieli aliita.

"Kaka, ubao wako umepinda huku kwangu."

"Umepinda kiasi gani?"

"Njoo uone."

Baba alichukua randa, akaenda mpaka kwenye masale, akasimama. Aliinua mguu, akaurudisha. Aminieli alimwangalia usoni, kisha mikononi, kisha kwenye mfuko wa koti, ambako futi ya chuma ya kupimia ilikuwa imechomoza.

"Ingia," akasema. "Na randa tu. Futi mwachie mkweo."

Baba alinipa futi, akavuka.