Kapteni Tuohy na Mtoto wa Kina Slattery

Malachy Tuohy alizaliwa ng'ambo ya mto kutoka kwetu, kule Clare, kisiwani tulikotoka kabla ya kuvuka bahari. Mto wenyewe ng'ombe huuvuka bila kulowa tumbo, lakini kwa watu ulikuwa mpana. Upande wao walikaa kina Tuohy, upande wetu kina Slattery, na kila gulio la mwezi wa nane wanaume walikutana uwanjani wakapigana kwa marungu ya mti wa miiba mpaka polisi waje. Chanzo cha ugomvi hakuna aliyekijua. Baba mkwe wangu alisema ni ng'ombe. Mkewe alisema ni kiti kanisani.

Njaa ilipokuja haikuuliza mtu ni wa upande gani. Viazi viliozea ardhini kwao na kwetu. Malachy alimzika mama yake akiwa na miaka kumi na minne, na mwaka uliofuata akashuka melini New York na shati moja na rungu la marehemu baba yake. Alichimba mifereji, akabeba matofali, mwishowe akawa mnyapara wa wajenzi. Mimi nilimjua kwa macho tu. Mtaani kwetu kina Slattery hatukusalimiana na kina Tuohy hata tukitoka Misa moja. Bahari kubwa tuliivuka, lakini kile kijito tulikuja nacho.

Vita vya Kaskazini na Kusini vilipoanza, wanaume wa mtaa walijiandikisha pamoja wakawa kombania moja, watu themanini. Siku hizo askari wa kujitolea walichagua maofisa wao kwa kunyoosha mikono, na Malachy akaupata ukapteni kwa mikono mitatu zaidi. Aliyeshindwa alikuwa mume wangu, Darby Slattery. Darby hakulisahau hilo; lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mimi niliifuata kombania nikiwa mfuaji. Majira ya baridi ya pili yalitukuta Virginia, kwenye vibanda vya magogo na matope, nikiwa na mimba kubwa na mikono iliyopasuka kwa sabuni. Mfuaji huona mengi. Niliona viwiko vya shati la Kapteni vimeshonwa mara nne. Niliona pia kwamba viazi vikiletwa, yeye hakula mpaka apite kibanda kwa kibanda ahakikishe kila mtu amepata, wa Tuohy na wa Slattery. Nikanyamaza. Nani angemsifu Tuohy mbele ya Darby?

Lakini watu wetu hawakumtii. Akiwaamuru wageuke kulia, waligeuka polepole kama watu wanaotafuta sindano iliyoanguka. Kisha Jumapili moja baada ya Misa, mmoja wa kina Tuohy akasema bata wa kina Slattery hutembea kinyumenyume ili wasizione sura za wenye nyumba. Basi, ni hilo tu. Watu arobaini wakashikana kwa marungu, na Kanali alikuwa anapita na wageni wake.

Kanali alimpa Kapteni wiki mbili. Marungu yakiinuka tena, kombania itagawanywa kwenye vikosi vya watu wengine, naye atavuliwa cheo. Habari ile ilitutia baridi sote. Mtu wa kwetu haogopi risasi kama anavyoogopa kuzikwa na watu wasiojua jina la mama yake.

Kesho yake Kapteni akayakusanya marungu yote akayachoma. Yalikuwa ya baba na babu zao, yamevuka bahari. Niliona wanaume wenye ndevu wakigeuza nyuso. Lakini walitoa, wa pande zote mbili.

Tatizo ni kwamba la kwake hakulichoma. Nililiona chini ya kitanda chake nilipokwenda kuchukua nguo. Sikumwambia mtu. Ila mwenzangu Winny, mfuaji mtu mzima asiyeweza kukaa na neno tumboni, naye aliliona. Kufika mchana kombania nzima ilijua, na kina Slattery wakaingia msituni kukata marungu mapya.

Katikati ya hayo nikajifungua, Jumanne, mtoto wa kike, tukamwita Sabina. Padri angeondoka Jumamosi jioni, kwa hiyo ubatizo haukuweza kungoja. Nikamwambia Darby nimempata msimamizi.

"Nani?"

"Kapteni."

Darby akaweka kikombe chini. "Mama Sabina, homa imekupanda?"

"Sina homa. Anayemshika mtoto kwenye maji huwa ndugu wa baba yake. Ndugu hapigwi rungu. Wewe unaijua njia nyingine?"

"Baba yangu atafufuka anichape."

"Na afufuke, atanisaidia kufua."

Alicheka bila kupenda, kisha akanuna tena. Akasema haya, nikamwombe, lakini nimwambie kuwa mtoto wa Slattery habebwi na mtu aliyeficha rungu. Nilijua anavyowaza. Kwetu ombi la kumsimamia mtoto halikataliwi, lakini sharti lile aliamini Kapteni atalikataa.

Nilikwenda na Sabina kifuani, ndani ya shali. Kapteni alinisikiliza amesimama, kofia mkononi. Nilipomaliza akaketi.

"Sina kitu kingine cha nyumbani, mama," akasema.

"Najua, Kapteni. Nao walikuwa na nini?"

Alimtazama mtoto. Hatimaye akainama, akalivuta lile rungu, akatoka nalo nje mchana kweupe. Alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria yangu kubwa ya kufulia akalisukuma motoni. Ulikuwa mti mgumu, haukushika upesi. Watu walitoka vibandani mmoja mmoja wakasimama. Akawaambia, bila kupaza sauti, "Lilipaswa kuwa la kwanza. Nilikosea." Hakuondoka mpaka limekuwa majivu.

Jumamosi alimshika Sabina vizuri kuliko nilivyotegemea. Padri alipommwagia maji, naye Sabina akajibu kwa maji yake, yote kwenye sare ya Kapteni.

"Hata wachanga wa Slattery hawakosi shabaha," Kapteni akasema.

Darby alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta. "Ivue, kaka," akamwambia. "Mke wangu ataifua." Lile neno kaka lilimtoka lenyewe, na kila mtu alilisikia.

Jumatatu Kanali akaja. Kapteni akaamuru wageuke kulia, na watu themanini wakageuka kwa kishindo kimoja. Kanali aliwatazama toka mwanzo wa mstari hadi mwisho, akagusa kofia yake, akaenda zake. Cheo kikabaki, na kombania ikabaki nzima.

Si wote waliorudi. Lakini walikwenda pamoja mpaka vita vilipoisha, na Malachy alirudi na mguu mmoja mzito. Sasa anajenga nyumba Brooklyn. Wiki iliyopita alikuja kwetu amevaa kola safi, akaketi ukingoni mwa kiti, akazungumzia hali ya hewa kwa nusu saa. Mwishowe akamwomba Darby ampeleke kwa dada yake, Bedelia Slattery, akampose. Darby akamwambia, "Ngoja kwanza nivae viatu, twende."